Mkwe Aliyeshuka Baiskeli

Mzee Twalib Mhina alikuwa na mazoea ya kumtaja mkwe wake kabla hajaulizwa. Mteja akileta kochi lililochanika kwenye karakana yake pale Doornfontein, Johannesburg, hata hajamaliza kueleza kitambaa anachokitaka, alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba Fauzia, binti wa mwenye karakana, ameolewa na bingwa wa baiskeli wa Italia. Neno hilo "bingwa" alilitamka taratibu, kama mtu anayeweka sahani ya kioo mezani.

Hakulipata kwa Fauzia. Fauzia alimwambia tu, mwaka ule alipokuwa mapokezi kwenye zahanati moja kusini mwa Johannesburg, kwamba ameletwa Mtaliano aliyeanguka na baiskeli. Kwamba waendesha baiskeli wa Ulaya hukimbia baridi ya kwao mwezi wa Januari na kuja kufanya mazoezi huku kwenye mwinuko. Na kwamba huyu ni wa kulipwa, si wa kujifurahisha. Yaliyobaki Mzee Twalib aliyajaza mwenyewe. Yeye alianzia kwenye shamba la mkonge huko Tanga, akasoma shule ya jioni na mikono imejaa miiba, akapanda mpaka ukarani, mwisho akaja kufungua karakana yake Johannesburg, na tangu hapo aliamini kwamba mtu akifanya kazi kwa bidii miaka mingi lazima afike mbele. Basi mtu aliyelipwa kuendesha baiskeli miaka yote ile angekuwa nani, kama si bingwa?

Mtaliano mwenyewe, Dario Zanchetta, alisilimu akaitwa Daudi. Siku ya ndoa alimbusu mkwewe mkono mbele ya watu wote, na wazee wa msikitini wakasema huyu kijana kafundishika. Mzee Twalib akalipenda hilo kuliko mahari.

Ukweli wa kazi ya Daudi ulikuwa mwingine. Alizaliwa katika kijiji cha watengeneza jibini kwenye milima ya kaskazini ya Italia, akaajiriwa na timu akiwa na miaka ishirini na miwili. Katika mbio zile kila timu ina nahodha mmoja, na wengine wote wapo kwa ajili yake. Daudi alikuwa katika hao wengine. Kazi yake ilikuwa kurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, kupokea chupa za maji, kuzishindilia ndani ya jezi, mgongoni na tumboni, kisha kukanyaga tena mpaka mbele na kuwagawia wenzake. Nahodha akipata pancha, Daudi alishuka, akang'oa gurudumu lake mwenyewe na kumpa, akabaki kando ya barabara akisubiri gari. Upepo ukiwa mkali, alitangulia ili nahodha apite nyuma ya mgongo wake. Mlima wa mwisho ulipofika, ambapo wapiga picha walisubiri, kazi yake ilikuwa imekwisha, naye alifika na kundi la mwisho bila mtu kumtazama. Alifanya hivyo tangu ujana wake hadi nywele zikaanza kupungua, na manahodha waligombania kuwa naye. Hakuwahi kushinda hata mbio moja. Hilo halikumsumbua, wala hakulificha. Ila hakuwahi kuulizwa.

Sebuleni kwa Mzee Twalib, mtaani Rosettenville, palikuwa na picha ya Daudi ukutani. Amesimama karibu na mwanamume mwingine, wote wamejaa vumbi, wanacheka, na yule mwingine ameshika maua ya mshindi. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza mbona maua anayo mwenzake. Mzee Twalib alijibu bila kupepesa macho kwamba wanapokezana.

Timu ya Daudi ya Italia ilipovunjwa, alikuja kukaa Johannesburg na mkewe na kuajiriwa na timu ndogo ya hapa, kwa kazi ileile. Mwaka 2005 alitangaza kwamba anastaafu. Mbio zake za mwisho zilikuwa za siku nne, na siku ya nne ilikuwa ya kuzunguka vitongoji vya kusini, wakipita mara kadhaa katika mtaa uleule alioishi Mzee Twalib.

Mzee alipopata habari hiyo hakutulia tena. Aliwaalika wazee wa msikitini. Akawaalika wanachama wote wa chama cha watu wa Tanga, pamoja na Rajab, muuza simu, ambaye alikuwa mtani wake wa kabila. Akamwalika Marcellin, kinyozi Mkongo wa nyumba ya pili. Asubuhi ya siku yenyewe alikodi bakkie, gari dogo la mizigo, akapakia makochi ya wateja yaliyokwisha kutengenezwa na kuyapanga kwenye nyasi kando ya lami, ya velveti mbele, ya ngozi nyuma. Mkewe, Bi Biubwa, alimwonya kwamba makochi ya watu yatachafuka. Alimjibu kwamba bingwa hapokewi kwa viti vya plastiki.

Fauzia hakukaa na wageni. Alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kamba, na mtoto wake mgongoni, akisema upande ule una kivuli. Alikuwa na siri aliyoambiwa na mumewe asubuhi ile, na alijua akikaa karibu na baba yake atashindwa kuificha.

Mara ya kwanza kundi lilipita kama upepo. Rangi, mlio wa minyororo, magari nyuma, kwisha. Hakuna aliyemtambua Daudi, na Mzee Twalib akaeleza kwamba mbio bado changa, bingwa haanzi kujionyesha mapema.

Mara ya pili walimwona. Kundi lilikwisha kupita lote, na nyuma yake, ubavuni mwa gari la timu, alikuwa Daudi. Mkono ulikuwa ukitoka dirishani na chupa, naye anazishindilia kifuani, mgongoni, tumboni, mpaka jezi ikavimba pande zote. Kisha akainama na kukanyaga kuwafuata wenzake, amebeba nundu na tumbo.

Kwenye makochi Rajab ndiye aliyetangulia kusema.

"Mtani, mkwe wako ana mimba?"

Watu wakacheka. Mzee Twalib naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejidhalilisha wewe. Akasema labda Daudi ana kiu, jua kali. Marcellin, ambaye huko kwao Lubumbashi alizoea kutazama mbio za baiskeli kwenye televisheni, alitaka kusaidia, na msaada wake ukamaliza kila kitu.

"Hapana, papa Twalib. Ile mayi si yake. Ni ya mukubwa wake. Yeye ni mutu wa kubebaka mayi. Ni kazi, hata kule Ulaya iko vile."

"Kila siku?" mzee mmoja wa msikiti aliuliza.

"Kila siku, papa."

Rajab aliachama, akajipiga paja. "Kumbe! Tanga nzima mabomba yapo, mtani wangu kaenda mpaka Ulaya kumtafutia binti mchota maji! Hata ndoo hana, anayabeba tumboni!"

Safari hii kicheko kilikuwa kirefu. Wazee wa msikiti hawakucheka. Walitazama viatu vyao, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza kama ile picha ya sebuleni basi ni ya huyo mkubwa wake. Mzee Twalib alisema hakusikia. Alikaa kwenye kochi la velveti, mikono juu ya magoti, tabasamu limemkauka usoni kama rangi. Aliwakumbuka wote aliowaambia: wateja, majirani, ndugu zake wa Tanga aliowapigia simu. Alikumbuka alivyomkatiza shemeji yake aliyetaka kueleza juu ya mwanawe daktari. Na hasira ikamjia, si juu yake mwenyewe, bali juu ya Daudi. Mtu anawezaje kukaa mezani pako miaka yote, ale wali wako, akusikie ukimwita bingwa, asikukanye? Hakukumbuka kwamba mbele ya Daudi alikuwa akizungumza Kiswahili cha haraka ambacho kijana yule alikifuata kwa shida. Aliomba moyoni mkwe wake apate pancha, arudi nyumbani kwa njia nyingine, asipite tena hapa.

Lakini akapita. Na kupita kwake ndiko kulikoleta yote yaliyofuata.

Mtoto mmoja kule kwenye robot ya kona, penye taa za barabarani, alipiga mbinja. Watu wakageuka. Akatokea mwendesha baiskeli mmoja peke yake. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu. Jezi ya bluu, kichwa kirefu, mabega wanayoyajua.

"Ni Daudi," Bi Biubwa alisema.

"Yuko peke yake," alisema Marcellin, na hata yeye sauti ilimpanda. "Papa, amewaacha wote."

Makochi yalilia kwa jinsi watu walivyoinuka. Rajab alipanda juu ya kochi la ngozi na viatu vyake, akaanza kuliita jina la yule aliyekuwa akimcheka punde. Mzee Twalib alihisi damu inarudi usoni. Kumbe alikuwa sahihi! Kumbe bidii inafika mbele! Aliwatupia jicho wazee wa msikiti kuona kama wanaona, na wote walikuwa wanaona.

Ndipo akagundua kwamba Daudi anapunguza mwendo. Alikuwa ameacha kukanyaga, amejinyoosha, anacheka kama mtoto, na baiskeli inakuja moja kwa moja kwao. Akachomoa mguu mmoja kwenye pedali. Akashuka.

Mzee Twalib alikimbilia barabarani akipunga mikono. Kichwani mwake alikuwa na picha moja tu: mkwe wake yuko mbele, wenzake wanamfukuza, naye anasimama. Daudi aliiegemeza baiskeli kiunoni, akainama mbele yake vile alivyofundishwa siku ya ndoa, akanyoosha mikono yote miwili kuupokea mkono wa mkwewe.

"Shikamoo, baba."

Mzee Twalib akauvuta mkono wake. Akamsukuma begani kwa mkono uleule, mbele ya watu wote.

"Salamu gani hapa! Panda! Ondoka, unatutia aibu!"

Daudi alibaki ameinama kidogo, mikono bado iko mbele. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Akamtazama mkwewe, akamtazama Bi Biubwa na wanawake wenziwe katika mabuibui yao, akawatazama wazee wenye kofia. Kisha akajitazama mwenyewe, mapaja wazi, kaptura imembana, jasho limeifanya nguo kuwa kama ngozi ya pili. Alikuwa mwekundu tangu alipofika kwa sababu ya jua, lakini sasa wekundu ule ulishuka mpaka shingoni. Akapanda, akaondoka.

Watu walimshangilia mpaka akapinda kona. Mzee Twalib alirudi kwenye kochi akihema na kupokea pongezi kwamba amemwokoa kijana. Mzee mmoja alisema amefanya vizuri, mambo ya adabu yana wakati wake.

Halafu kundi likaja.

Halikuja kama upepo. Lilikuja taratibu, watu wamekaa wima, wengine mikono imeacha usukani, wanaongea na kunywa maji. Walipofika mbele ya makochi, baadhi yao wakapiga makofi. Mmoja mzeemzee aligusa kofia yake kumsalimu Bi Biubwa. Walikuwa wanatafuta mtu kwa macho, kwenye nyasi, mlangoni, katikati ya wageni. Walipomkosa, wakatazamana. Kisha wakapita.

Rajab alishuka kwenye kochi. "Mbona hawamkimbizi?"

Mzee Twalib hakujua mbio za baiskeli, lakini alijua sura za watu wanaomfukuza mtu, na hizi hazikuwa hizo. Fauzia alikuwa anavuka barabara, ameinua kamba kwa mkono mmoja. Alikuja mpaka kwenye kochi la baba yake akasimama mbele yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Baba, hakuwa amewakimbia. Walimwacha aje."

Akamweleza pale pale, kwa wote kusikia, maana hapakuwa na mahali pa kujificha. Wana desturi yao, alisema. Mbio zikipita nyumbani kwa mmoja wao, wenzake humruhusu atangulie. Anakwenda, anashuka, anawasalimu watu wake, nao wote hupunguza mwendo mpaka arudi kundini. Hakuna anayethubutu kushindana wakati huo. Ni heshima, wala hupewi kila siku. Lazima uombe, na lazima wakuone unastahili.

"Miaka yote hiyo amewaona wenzake wakishuka kwa wazazi wao. Kijijini kwao mbio hazijawahi kupita. Baba yake amekufa bila mbio kumpitia mlangoni. Jana aliwaomba wenzake, mbio za mwisho, wakamkubalia, timu zote." Fauzia akamweka mtoto sawa mgongoni. "Mlango aliouchagua ni wako, baba. Alikuja kukubusu mkono."

Bi Biubwa aliinama akajifunika uso kwa mtandio. Mzee Twalib alitaka kusema kwamba hakujua, lakini aliona jinsi neno hilo litakavyosikika likitoka kwa mtu aliyekuwa akiwaeleza wengine mambo ya baiskeli kwa miaka mitano. Alimtazama Rajab akitarajia mzaha. Mzaha wowote ungemfaa. Rajab alikuwa akifuta alama za viatu vyake kwenye kochi kwa leso, pole pole, bila kuinua macho. Mtani akikunyamazia, ujue umekwisha.

Kundi lilipita tena, na tena. Daudi alikuwa amewangojea wenzake kona ya pili na kujichanganya nao. Kila walipopita mbele ya nyumba, Mzee Twalib alisimama kwenye ukingo wa lami na mkono ameunyoosha, na kila mara Daudi alikuwa upande wa mbali wa barabara, amejibanza nyuma ya wengine, kichwa chini. Mara moja alirudi nyuma kuchukua maji. Gari lilikuwa upande wa makochi. Akangoja mpaka wamekwisha kuipita nyumba, ndipo akasogea kupokea chupa.

Mbio ziliishia uwanjani, nyuma ya shule moja ya Turffontein. Mzee Twalib alikwenda kwa miguu. Wazee wawili wa msikiti walimfuata, na Rajab pia, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuwa peke yake. Njia nzima alikuwa akiitengeneza sentensi. Aliipanga kama alivyopanga insha zake za shule ya jioni: kwanza kosa, kisha sababu, kisha ombi. Mwanangu, nilikuzuia kwa ujinga wangu. Aliirudia mpaka ikakaa sawa mdomoni.

Alimkuta Daudi ameegemea gari la timu. Mshindi alikuwa mbali kule jukwaani, muziki unapigwa. Jua lilikuwa bado kali, wenzake wote wamejilaza nyasini vifua wazi, lakini yeye alikuwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi na koti, zipu imepandishwa mpaka kidevuni. Fauzia alikuwa karibu naye, anamfuta mtoto mdomo. Alipomwona baba yake anakuja, akasogea pembeni kumpisha. Uso wake ulikuwa unamngoja aseme.

Daudi akawahi. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno alilichukua mahali pake.

"Baba, nisamehe. Nilikuja mbele ya mama na wazee nikiwa uchi vile. Fauzia alinifundisha mambo ya stara, tangu zamani. Nilisahau, kwa sababu ya furaha. Nimekutia aibu nyumbani kwako."

Sentensi ya Mzee Twalib ilikuwa tayari. Ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuma yake alimsikia mmoja wa wale wazee akiguna kwa kuridhika, akisema chini chini kwamba kijana huyu ana adabu, ndiyo maana mzee mwenzetu alimkemea, aliona mbali. Mwingine akaitikia: naam, yale mavazi, mbele ya mama mkwe. Mzee Twalib alisikia mlango unafunguliwa mbele yake, mlango wa kutokea, na ndani yake kulikuwa na heshima yake yote, haijapungua hata kidogo. Alihitaji kusema maneno machache tu, wala hayakuwa maneno mabaya.

"Yamekwisha, mwanangu," alisema. "Nimekusamehe."

Na akanyoosha mkono.

Daudi aliushika kwa mikono yote miwili, akainama, akaubusu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. Mzee Twalib aliisikia mipasuko ile juu ya vifundo vya vidole vyake, akaona kichwa cha kijana kinavyotulia pale, kama mtu aliyetua mzigo. Alijua kwamba bado anaweza. Kichwa kikiwa bado kimeinama, kabla hajauachia mkono, bado anaweza. Akainua macho akakutana na ya Fauzia.

Fauzia alijua yote. Alimpa baba yake muda, mwingi, na hakumsaidia. Mzee Twalib aligeuka akawauliza wale wazee kama wameona malezi.

Fauzia akamshika mumewe mkono. Alimwambia kitu kwa Kitaliano, kifupi, na Daudi akatikisa kichwa akikataa, akicheka kidogo, kana kwamba anamtetea mzee. Kisha wakaondoka pamoja kuelekea kwenye magari, yeye ndani ya koti lake lile zito, na wenzake waliolala nyasini wakainuka mmoja mmoja kumpa mkono alipokuwa akipita.

Mzee Twalib alibaki na wageni wake. Walimsifu njia nzima ya kurudi, naye akawaitikia. Alipofika kwake, Bi Biubwa alimuuliza kama amemwambia kijana. Akasema wameongea, yamekwisha. Bi Biubwa akasema alhamdulillahi, akaenda kumwekea maji ya kunawa, na Mzee Twalib akasimama mbele ya beseni kwa muda mrefu, mikono iko kavu, akiutazama ule uliobusiwa, akishindwa kuitia ndani.